Jina la Kumi na Mbili

Kwanza tuelewane: ile haikuwa jamu. Keziah aliiita jamu siku moja tu, wiki ya kwanza alipofika kwenye ile nyumba ya Al-Rawdah, Jeddah, na yule bikizee akampokonya kijiko mkononi. Jamu ni matunda yaliyopondwapondwa, akamwambia. Hili ni tunda zima, au ganda lake, limepikwa kwenye sukari mpaka likang'aa, na mgeni akija anapewa kijiko kimoja kwenye kisahani na glasi ya maji baridi kando. Kijiko kimoja, basi. Anayeomba cha pili hakulelewa. Kwa Kigiriki inaitwa gliko tu kutaliu, tamu ya kijiko, na anayetaka jamu aende dukani akapake mkate wake.

Huyo ndiye Teta. Nyumba nzima ilimwita hivyo, neno la Kiarabu cha Misri la kumwitia nyanya. Jina lake hasa lilikuwa Evanthia. Alizaliwa Iskandaria kwa wazazi Wagiriki, akaolewa na mfanyabiashara wa Jeddah, akamzika, na sasa akiwa na miaka themanini na minne alikaa chumba cha nyuma karibu na jikoni. Alikuwa na Kiarabu, alikuwa na Kiingereza cha masista waliomsomesha, na alikuwa na Kigiriki ambacho hapakuwa na mtu wa kumjibu. Binti yake, Madam Samar, ndiye mwenye nyumba, na mume wa Madam ndiye aliyekuwa kafili wa Keziah, mdhamini wa kibali chake cha kazi. Kwa hiyo pasipoti ya Keziah ilikuwa kwenye droo ya bwana huyo, na bila sahihi yake Keziah hakuweza kutoka nchini hata kwa miguu.

Keziah alikuwa mtu wa Vihiga. Alifundisha Kiingereza miaka mitatu kwenye shule ya msingi ya kibinafsi, kabla mawakala wa kazi za Uarabuni hawajajaa mji wa Luanda kule kwao na fomu zao na picha zao za majumba. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, nao uliisha Oktoba 2015. Hakutaka kuongeza hata siku moja, kwa sababu mama yake, Jael, alikuwa anapofuka. Daktari wa macho kule Kisumu alikuwa amemwambia Elphas, kaka yake Keziah, bila kupakapaka mafuta: jicho moja limekwenda, na la pili halitavuka mvua za masika.

Keziah hakuomba makubwa, jamani. Alitaka mama amwone. Si yeye amwone mama. Picha za mama alikuwa nazo tele kwenye simu. Alitaka mama amtazame usoni mara moja kabla ya giza, amkague vile kina mama wanavyokagua, aseme umekonda, au umenona, au ni nani huyo amekusuka vibaya hivyo.

Madam Samar alisikiliza yote hayo huku akipaka kucha rangi. Kisha akasema jambo lililosikika kama wema. Mwezi wa pili kungekuwa na maonyesho ya vyakula ya kina mama kule Riyadh, na rafiki zake wote walikuwa wanapeleka mapishi ya kina nyanya zao yakiwa na vitabu na lebo za Kiingereza. Yeye mwenyewe hakujua hata kuwasha jiko, lakini Keziah alikuwa amepika na Teta miaka miwili, na alikuwa mwalimu.

"Niandikie kitabu," alisema Madam. "Majina ya tamu zote za Mama kwa Kiingereza kizuri, na jinsi zinavyopikwa. Mama akisema kimeisha, halas, mume wangu anatia sahihi siku hiyo hiyo na tiketi nakukatia mimi."

Mama akisema kimeisha. Shikeni maneno hayo, maana Keziah hakuyashika. Yeye alisikia "sahihi" na "tiketi" tu.

Wakaanza kazi, na tusidanganyane, Keziah aliipenda. Kila siku saa kumi za jioni, baada ya kuosha vyombo vya mchana, aliketi kwenye kigoda kando ya kiti cha Teta na daftari la mistari. Teta alishika tunda, akalitaja kwa Kigiriki, Keziah akaandika alivyosikia. Kisha ndipo kazi ilipoanza. Kitro, kwa mfano, lilikuwa limau lililovimba, lenye chunjua na ganda nene kuliko nyama yake. Keziah akaandika "lemon." Teta akalifuta neno kwa kidole chenye sukari mpaka karatasi ikatoboka. Ilibidi Keziah atafute kwenye simu siku mbili ndipo akapata "citron," neno ambalo hakuwahi kumfundisha mtoto yeyote kwa sababu hakujua kama lipo.

Pergamonto likawa "bergamot." Mandarini lilikuwa chenza, hilo halikumsumbua. Palipomshinda alitoka nje kumwonyesha Dalmas, dereva wa nyumba, Mjaluo wa Siaya aliyekaa Mombasa miaka saba akiendesha lori.

"Hili kubwa ni furungu," alisema Dalmas, akilipima kwa mikono miwili. "Kwani nyinyi watu wa bara mlikula nini? Na hili ni danzi. Ukilimenya ukalila hivi hivi unaweza kumtukana mtu."

Danzi. Wagiriki wanaliita nerantzi, Waarabu wanaliita narinji, na lina uchungu wa kukufumba macho. Hilo ndilo Teta alilolipenda kuliko yote, na ndilo lililotaka kazi kuliko yote. Unalikwangua ganda kwa juu, unalichana vipande, unakunja kila kipande, unakitunga kwa sindano na uzi mpaka unapata ushanga wa maganda. Kisha unachemsha, unamwaga maji. Unachemsha tena, unamwaga. Mara ya tatu hivyo hivyo. Maji yale matatu ndiyo yanayobeba uchungu, na ukiruka hata moja umeharibu sufuria nzima.

Jina lake kwa Kiingereza lilizua vita. Keziah aliandika "Bitter Orange." Madam akaruka.

"Bitter? Nani atanunua kitu kitamu kinachoitwa kichungu? Andika 'Golden Orange'."

"Uchungu wake ndilo jina lake!" Teta alipiga fimbo sakafuni. "Ukiliondoa, si la mama yangu tena."

Wakatazamana, mama na binti, na ilionekana kitabu kitakwama hapo hapo. Keziah aliomba dakika moja, akatafuna kalamu, akaandika: "Bitter Orange, Made Sweet." Chungu lililofanywa tamu. Madam akasoma mara mbili akasema ni nzuri, ni nzuri sana. Teta alimshika Keziah shavu kwa vidole viwili, na Keziah alitembea na shavu lile siku nzima akijiona mtu.

Kufikia wiki ya pili ya Desemba walikuwa na majina kumi na moja. Madam mwenyewe alikuja mlangoni siku la mwisho lilipoandikwa, na mume wake alikuwa nyumbani, na kalamu za kutia sahihi zilikuwa tele. Teta alifunga daftari kwa mkono wake, akasema kwa Kigiriki neno ambalo hata Keziah alikuwa ameshalijua: basi, yamekwisha.

Sasa sikilizeni alichofanya.

Kwao Vihiga, mzee akimaliza kukupa jambo, humwachi hivi hivi ukaondoka. Ni kama kumwambia nilichotaka nimepata, kaa salama. Unamuuliza, "Na lingine, nyanya?" Yeye anacheka, anasema hakuna lingine mjukuu wangu, mnaachana vizuri. Ni adabu tu. Mtoto wa miaka sita anaijua. Keziah, moyo umejaa, mkono kwenye mkono wa Teta, akauliza kwa upole mbele ya Madam, "Na lingine, Teta?"

Teta hakuwa mtu wa Vihiga. Alimtazama Keziah usoni kwa muda. Alikitazama kile kigoda. Kisha akalifungua daftari tena.

"Lipo," alisema. "Lipo moja nililolisahau."

Ai, Keziah! Mdomo wako mwenyewe!

La kumi na mbili lilikuwa na karafuu. Teta alitaja jina refu la Kigiriki, Keziah akaandika, akapika, akatafsiri. Siku aliyomaliza, Teta akakumbuka la kumi na tatu, lenye lozi ndani ya kila mkunjo. Krismasi ikapita. Likaja la kumi na nne, lenye jani fulani la kunukia lililotafutwa Jeddah nzima. Kila mara Madam alifurahi, maana kitabu kilinenepa. Kila mara Elphas alituma ujumbe: dada, mama anauliza ni lini.

Lakini mikono ya Keziah haikuwa mijinga. Ilikuwa imetunga maganda yale mamia kwa mamia, na ilijua unene wa ganda, ilijua weupe wa ndani unavyoshika sindano, ilijua maji matatu. Karafuu au lozi, pale sufuriani lilikuwa danzi. Alimwambia Teta, polepole, kwa heshima, "Teta, hili si kama la nne, lile danzi?"

"Hapana. Hili ni jingine. Lina jina jingine."

Na wewe ni nani hata umbishie Mgiriki kuhusu tamu za Kigiriki? Akaandika.

Februari walikwenda Riyadh. Dalmas aliendesha siku nzima kuvuka jangwa, Madam amelala kiti cha nyuma, Keziah amepakata chupa zisivunjike. Dalmas alilala mtaa wa Manfuha kwa vijana wa kwao, na Keziah akalala jikoni kwa wifi yake Madam. Asubuhi yake kwenye ukumbi wa maonyesho alisimama nyuma ya meza akiwa na aproni nyeupe, akitoa kijiko, kisahani na maji, kijiko, kisahani na maji. Wanawake walisoma lebo kwa sauti. "Bitter Orange, Made Sweet," walisema, na wakauliza ni nani aliyetafsiri vizuri hivyo. Madam alisema ni rafiki yake wa London. Sawa. Keziah alikunja mdomo, akaendelea kufuta vijiko.

Mchana alikuja mwanamke mmoja wa makamo, miwani shingoni, aliyesoma majina ya Kigiriki kabla ya yale ya Kiingereza. Alijitambulisha kuwa anaitwa Stamatia, daktari katika hospitali moja ya hapo Riyadh, mzaliwa wa kisiwa cha Kios kule Ugiriki. Keziah akampa kijiko cha la nne. Akampa cha la kumi na mbili, cha la kumi na tatu, cha la kumi na nne.

Daktari akacheka. "Mwanangu, hizi nne ni tunda moja. Nerantzi. Mmoja katia karafuu, mwingine lozi, lakini ni nerantzi. Na haya majina matatu sijawahi kuyasikia. Mama yangu amepika hizi tangu akiwa msichana, na hajawahi kuyasikia."

"Kwa hiyo ziko ngapi, daktari?"

"Hizo kumi na moja za kwanza ndizo tunazozijua sote. Hizi nyingine kakutungia."

Unaweza kudhani Keziah alikasirika. Wala! Alifurahi kama aliyefunguliwa mlango. Kama majina matatu ni ya uongo, basi kitabu kilikwisha tangu Desemba, na sahihi ni yake. Chupa zilipokwisha na Madam yuko na raha zake, akamweleza yote, na jina la daktari akalitaja.

"Mama yangu hajawahi kusema uongo maishani mwake," alisema Madam. "Lakini sawa. Tutamuuliza."

Wakamuuliza siku ile ile waliyorudi Jeddah. Madam alisimama mlangoni mwa kile chumba, hata abaya hajaivua. "Mama, kitabu kimeisha au hakijaisha? Keziah anasema kimeisha. Anasema haya matatu umeyatunga."

Teta alimtazama Keziah. Keziah akamwambia kwa macho, tafadhali, Teta. Tafadhali.

"Huyu msichana hajui," alisema Teta. "Yamebaki saba."

Madam akageuka. "Umesikia? Saba. Tutazungumza baada ya Ramadhani." Akaenda zake.

Keziah alifunga mlango. Hakuwahi kuufunga mlango wa chumba kile akiwa ndani.

"Kwa nini, Teta? Mimi nimekukosea nini?"

Bikizee alikuwa ameinamia mapaja yake, akizungusha pete.

"Kitabu kikiisha unaondoka. Ukiondoka nani atakaa hapo?" Akaelekeza fimbo kwenye kigoda. "Binti yangu anakuja mlangoni. Umemwona akiingia? Miaka miwili, umemwona akikaa?"

"Mama yangu anapofuka! Nilikwambia. Nilikuonyesha picha yake, ukaibusu!"

"Najua."

"Hataniona tena!"

"Ana mtoto mwingine," alisema Teta. "Ana huyo Elphas. Mimi nina wewe."

Na kilichomchoma Keziah ni kwamba mwanamke huyo hakuwa anasema uongo hapo. Angekuwa mbaya moja kwa moja ingekuwa nafuu. Alikuwa anampenda, na kwa mapenzi hayo hayo alimfungia mlango na kuukalia ufunguo. Keziah alitoka akaenda kulia kwenye chumba cha kufulia, mashine ikizunguka ili asisikike.

Dalmas alimpata huko. Alimwambia asifikirie kutoroka. Alikuwa amewaona waliotoroka, wamejaa mtaa wa Ghulail, sita kwenye chumba, hawana ikama ya kuishi nchini, hawana pasipoti, wanafanya vibarua na kujificha. "Ukitoroka huondoki, dada. Unahamia tu gereza lingine. Wewe ngoja hayo majina saba yaishe."

"Hayataisha, Dalmas. Huyo ana majina mpaka siku ya kiama."

Machi likaja la kumi na tano. Aprili la kumi na sita. Keziah aliandika, akapika, hakuuliza tena. Teta aliongea naye kwa upole kupita kiasi, akamwachia mkate wa maziwa kwenye leso, akamwita binti yangu kwa Kigiriki. Keziah alijibu ndiyo Teta, hapana Teta, na mkate akawarushia njiwa.

Mei, siku ya Jumanne, Elphas alipiga simu mchana. Hakutuma ujumbe, alipiga, na Keziah akajua kabla hajapokea.

"Mama aliamka leo akaanza kunigombeza," alisema Elphas. "Eti mbona sijawasha taa, eti asubuhi imechelewa wapi. Keziah, ilikuwa saa nne. Jua limejaa nyumba nzima. Nilimkalisha nje akawa analisikia jua mkononi na bado ananiambia washa taa."

"Mpe simu."

Kukawa na kukwaruzana, kisha sauti ya Jael, imejikaza, changamfu, sauti ya mtu asiyetaka mtoto wake alie akiwa mbali. "Keziah? Umenona, mama? Niambie wewe mwenyewe. Nenda kwenye kioo, ujitazame, uniambie."

Keziah alikwenda kwenye kioo. Alimwambia mama yake amenona, mashavu yamejaa, nywele amesuka vizuri za kulala nyuma. Hakuna hata neno moja lililokuwa kweli. Alipokata simu saa ilikuwa nane na nusu, na sufuria zilikuwa zinamngoja.

Kwenye friza kulikuwa na maganda ya danzi, mafungu ya mwisho ya msimu. Aliyayeyusha, akayakunja, akayatunga. Aliyachemsha. Yalipochemka alishika sufuria kwa vitambaa viwili, akaenda nayo hadi kwenye sinki, akasimama hapo mvuke ukimpiga uso. Hakumwaga. Aliirudisha motoni na maji yake yale yale ya kwanza, yaliyogeuka rangi ya mkojo wa punda, akatia sukari juu yake, akaacha ikauke polepole. Kwa macho ilikuwa nzuri. Ilikuwa inang'aa kuliko zote alizowahi kupika.

Saa kumi kamili aliingia na sinia: kisahani, kijiko, glasi ya maji baridi. Teta alitabasamu, maana siku nyingi Keziah hakumletea bila kuitwa. Akala.

Uso ulimkunjamana mara moja. Machozi yakamtoka yenyewe, yakashuka kwenye mikunjo ya mashavu. Hakutema. Alimeza, kisha akaitazama glasi asiiguse.

"Umesahau kumwaga maji," alisema.

"Sikusahau."

Huko sebuleni televisheni ya Madam ilikuwa inacheka peke yake.

"Mama yako?"

"Leo asubuhi."

Teta alifunga macho. Mkono ukashika fimbo ukaiacha. Keziah alisimama na sinia yake akangoja, kwa sababu licha ya yote bado kulikuwa na neno moja ambalo mwanamke yule angeweza kulisema, na bado lilikuwa neno fupi kwa Kigiriki. Angeweza kumkalisha mbele yake, kumshika mkono, kumwambia nenda. Basi, yamekwisha.

Teta alifungua macho. Akanyoosha kisahani.

"Niongezee," alisema.

Yeye, aliyesema kijiko cha pili ni kukosa malezi. Keziah alimwongezea. Akala cha pili, akala cha tatu, akilia, akimeza, mpaka kisahani kikabaki na alama ya sukari tu. Kisha akajipangusa kidevu kwa leso, akakivuta kile kigoda karibu na kiti chake kwa ncha ya fimbo.

"Hii pia ina jina," alisema Teta. "Kaa uandike."